John McLendon, kocha mwenye alikataa ubingwa wa ku karatasi

Kila mutu mwenye anafuata michezo anajua uchungu huu: ekipe inashinda ku kiwanja, kisha inashindwa ku biro. Wachezaji wanatoka jasho, watu wanaimba barabarani, halafu karatasi moja inatoka mu ofisi na kusema kama bingwa ni mwingine. Uchungu ule haukuanzia hapa kwetu. Leo tunawaletea maisha ya mwalimu Mweusi wa Marekani, John McLendon, mwenye alipambana na jambo lile tangu ujana wake. Yeye na wenzake watatu njo walianzisha, mu mwaka wa 1946, mashindano ya basketi ya vyuo vya watu Weusi yenye yanajulikana kwa jina la CIAA. Mashindano yale yangali yanafanywa mupaka leo, na maelfu ya watu wanasafiri juu ya kuyaona.

Wengi hapa kwetu wanajua majina ya wachezaji wakubwa wa Marekani, lakini jina la McLendon hawajalisikia. Ni hasara, sababu kama Weusi wanacheza na kufundisha basketi kule leo bila kuomba ruhusa, mukono wake uko ndani.

Mutoto wa Kansas

John McLendon alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1915, mu muji mudogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Baba yake alikuwa Mweusi. Mama yake alikuwa na damu ya kabila la Delaware, wenyeji wa kwanza wa inchi ile. John alikuwa na miaka mitatu tu wakati gripe kubwa ya 1918 ilimubeba mama. Alikaa kwa muda na babu na bibi yake mu jimbo la Colorado, kisha akarudi kwa baba yake, mu muji wa Kansas City.

Siku moja, akiwa angali mwanafunzi mudogo, walimu waliwapeleka watoto kutembelea masomo yenye walipaswa kuingia mbele. Kule akaona kwa mara ya kwanza kiwanja cha basketi ndani ya nyumba, na mwalimu mumoja akitupa mupira mu kikapu. Tangu siku ile alijua kazi yake itakuwa gani. Watoto wengine walitaka kuwa wachezaji. Yeye alitaka kuwa kocha.

Mwanafunzi wa mutu mwenye alivumbua basketi

Tusisahau kama basketi haikutoka mbinguni. Mutu wa Kanada, James Naismith, njo aliivumbua mu mwezi wa 12 mwaka wa 1891, mu muji wa Springfield, juu ya kuwapatia vijana muchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi. Kisha Naismith alienda kufundisha ku Universite ya Kansas, na alikuwa angali kule wakati McLendon alifika mu mwaka wa 1933.

Baba ya McLendon alikuwa amemuambia mutoto wake aende moja kwa moja kwa muzee Naismith. Naismith akamupokea, akawa mushauri wake wa masomo. Hapo tunaona maajabu ya wakati ule: kijana anafundishwa na mutu mwenye aliunda muchezo wenyewe, lakini hana ruhusa ya kucheza mu ekipe ya universite ileile. Sababu ilikuwa moja tu: rangi ya ngozi yake.

Kulikuwa pia tatizo la pisini. Wanafunzi wa michezo walipaswa kujua kuogelea ili wapate diplome, lakini Weusi hawakutakiwa mu maji. Wakubwa walifikiri kumupatia McLendon pointi zake bila kuogelea. Yeye akakataa pointi za bure, akaingia mu maji. Wakatoa maji yote mu pisini. Hakukasirika, hakupiga mutu, lakini hakuacha pia. Kwa musaada wa Naismith, pisini ikafunguliwa kwa wanafunzi wote.

Ile ilikuwa tabia yake mupaka kufa. Kitu chenye alikuwa na haki ya kukishindania, hakutaka wamupatie kama zawadi, na hakutaka pia wamunyime kwa kalamu. Alitaka tu waache aingie na apimwe kama wengine.

Mu 1936 akamaliza masomo yake, Mweusi wa kwanza kupata diplome ya michezo ku Universite ya Kansas. Kisha akapata diplome ingine mu jimbo la Iowa, na mu 1937 akachukua njia ya kusini.

Durham na mupira wa mbio

Kazi yake ilikuwa mu muji wa Durham, jimbo la North Carolina, ku chuo chenye wakati ule kiliitwa North Carolina College for Negroes. Ilikuwa chuo cha Weusi, sababu sheria za kusini mwa Marekani zilitenganisha watu kwa rangi: masomo mbalimbali, viti mbalimbali mu basi, milango mbalimbali ku hospitali. Mu 1940 akawa kocha mukubwa wa basketi. Alikuwa na miaka 25.

Wakati ule ekipe nyingi zilicheza polepole. Walitembeza mupira, wakasimama, wakatafuta nafasi, wakatupa. McLendon akageuza mambo. Wachezaji wake walikimbia tangu dakika ya kwanza mupaka ya mwisho. Wakinyanganya mupira, wanaruka mbele mara moja, mbele adui hajarudi kujipanga. Wakipoteza mupira, hawarudi nyuma kungoja, wanamubana adui kiwanja kizima. Ili waweze kufanya vile, aliwakimbiza kilometa nyingi wakati wa mazoezi, sawa wanariadha. Watu walizoea kufikiri kama mupira wa mbio ni mupira bila akili. McLendon aliweka mupango ndani ya mbio: kila muchezaji alijua atakimbilia wapi, na mupira utamukuta wapi.

Mechi ya mulango wa kufungwa

Mu muji uleule wa Durham kuna universite kubwa ya Wazungu, Duke. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, jeshi lilikuwa limetuma wanafunzi wa udaktari kule, na kati yao kulikuwa vijana wenye walikuwa wamecheza basketi ya juu mbele ya kuingia jeshi. Wakatengeneza ekipe yenye nguvu. Upande mwingine wa muji, ekipe ya McLendon ilikuwa imepoteza mechi moja tu mu mwaka muzima. Ekipe mbili za nguvu mu muji mumoja, na sheria inakataza wakutane.

Tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka wa 1944, siku ya yenga asubui, wakati watu na polisi wengi walikuwa mu kanisa, Wazungu wale waliingia mu magari, wakapitia njia za kuzunguka, wakafika ku jumba la michezo la chuo cha Weusi. McLendon akafunga milango. Arbitra alikuwapo, saa ilikuwapo, lakini hakukuwa mutazamaji hata mumoja ndani. Wanafunzi wachache tu wenye walisikia habari walipanda ku madirisha.

Ku mwanzo vijana wa pande mbili walikuwa na woga, mupira uliwaponyoka. Kisha ekipe ya McLendon ikaanza kukimbia. Mwisho wa mechi ilikuwa pointi 88 kwa 44. Halafu wakafanya jambo lenye lilikuwa hatari zaidi: wakachanganyika, Weusi na Wazungu mu ekipe moja, wakacheza tena.

Tusifikiri ilikuwa muchezo wa watoto. Miezi ine tu kisha, mu muji uleule, muaskari Mweusi mwenye aliitwa Booker T. Spicely aliuawa kwa risasi na shofere wa basi kisha mabishano juu ya viti, na tribinali ikamuachilia shofere. Kama mechi ile ingejulikana, McLendon angeweza kupoteza kazi, na wachezaji wake wangeweza kupoteza zaidi ya kazi. Kwa hiyo wakanyamaza. Zaidi ya miaka 50 ilipita mbele ya mwanahistoria Scott Ellsworth kuandika habari ile mu 1996, na hapo watu wengi wakaijua kwa mara ya kwanza.

McLendon alikuwa ameshinda ku kiwanja, lakini bila mutu kuona. Hakuna kikombe, hakuna hesabu, hakuna gazeti. Kwa kocha mwenye alitaka wachezaji wake wapimwe mbele ya wote, ile haikutosha.

Mashindano ya 1946

Sasa tuingie mu jambo lenyewe. Vyuo vya Weusi vya upande wa mashariki vilikuwa na umoja wao wa michezo tangu 1912. Jina lake la kwanza lilikuwa Colored Intercollegiate Athletic Association, na mu 1950 neno la rangi likaondolewa, wakaweka Central. Ndiyo sababu herufi zilibaki zilezile, CIAA.

Umoja ule ulikuwa na shida moja. Vyuo vilikuwa mbalimbali sana, kutoka Pennsylvania mupaka North Carolina, na pesa ya safari ilikuwa kidogo. Ekipe zote hazikuweza kukutana mu mwaka mumoja. Kwa hiyo bingwa wa basketi alitafutwa kwa hesabu: kila ushindi ulipewa uzito kufuatana na nguvu ya ekipe yenye imeshindwa, wakajumlisha, wakagawanya, na ku mwisho wakasoma jina. Hesabu yenyewe haikuwa ya wizi. Lakini ekipe mbili zingeweza kumaliza mwaka kila moja ikisema ni yenyewe bingwa, na hazijagusana hata siku moja.

McLendon akakaa na wakubwa wa michezo wa vyuo vingine vitatu: Talmadge Hill wa Morgan State, Harry Jefferson wa Virginia State, na John Burr wa Universite ya Howard. Wazo lao lilikuwa rahisi. Mwisho wa mwaka, ekipe zenye nguvu zaidi zikutane mu muji mumoja, kwa siku chache. Mwenye anashindwa anarudi nyumbani. Mwenye anabaki mwisho njo bingwa, na kila mutu amemuona kwa macho yake.

Walichagua Washington, muji mukubwa wa serikali, wenye wakaaji Weusi wengi, na wenye vyuo vingi viliweza kuufikia kwa treni. Jumba lilikuwa Turner's Arena, nyumba ya ngumi na mieleka yenye kubeba watu karibu 2000. Hata mu muji ule wa raisi, hoteli kubwa na restora za katikati hazikupokea Weusi. Mashindano yale yalifanywa na watu wenye hawakuwa na ruhusa ya kulala mu hoteli kubwa za muji wenye wamekuja kuchezea.

Mu mwezi wa 3 mwaka wa 1946, finali ikakutanisha ekipe ya McLendon na Virginia Union. Wakati wa kawaida ukaisha bila mushindi. Wakaongeza dakika, bado sawasawa. Wakaongeza tena, bado. Ku nyongeza ya tatu, vijana wenye walikuwa wamekimbizwa mazoezini kila siku wakapata nguvu ya kubakia. North Carolina College ikashinda 64 kwa 56.

Hakuna hesabu ya karatasi yenye ingeweza kutoa usiku kama ule. Ekipe mbili zenye, kwa nguvu, hata nyongeza mbili hazikuweza kuzitenganisha: kama ni kalamu tu ingeamua, nani angekubali? Lakini watu walikuwa wameona. Virginia Union ilirudi na uchungu, lakini bila malalamiko.

Mu miaka yenye ilifuata mashindano yakajaza watu. Kwa familia za Weusi wenye walisoma mu vyuo vile, ikawa sikukuu: watu walikuja kuona mechi, lakini pia kukutana na wenye walisoma pamoja, kuonyesha watoto wao chuo cha baba na mama. Kutoka 1953 yalipelekwa Durham, mu jumba jipya la chuo cha McLendon, hata kama yeye alikuwa ameondoka. Jumba lile leo linabeba jina lake pamoja na jina la mwingine, McDougald.

Tuseme tena kitu kimoja cha kulinganisha. Mu North Carolina ileile, vyuo vikubwa vya Wazungu vilianza mashindano yao yenye kujulikana sana, ya umoja wa ACC, mu 1954, miaka 8 kisha yale ya CIAA. Mupaka katikati ya miaka ya 1960, Mweusi hata mumoja hakuwa amecheza mu umoja ule. Watu walikuwa majirani, kila mumoja na mashindano yake.

Kutoka CIAA mupaka juu

Kiwanja cha CIAA kilikuwa kama dirisha. Wachezaji wenye magazeti ya Wazungu hayakuandika, sasa waliweza kuonekana. Earl Lloyd alichezea West Virginia State, yenye ilishinda mashindano yale mu 1948 na 1949. Harold Hunter alikuwa kijana wa McLendon. Mu 1950 McLendon aliwasindikiza wote wawili kujaribiwa na ekipe ya Washington Capitols, na wote wawili wakatia sahihi. Hunter hakubakizwa. Lloyd akaingia ku kiwanja tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka wa 1950, Mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA. Sam Jones, mwenye alifika ku chuo cha Durham mu 1951, alishinda kisha ubingwa wa NBA mara 10 na Boston Celtics. Na Earl Monroe alitoka Winston-Salem State, chuo kingine cha CIAA.

McLendon hakutosheka na ubingwa wa Weusi peke yao. Aliandika barua, akaenda ku mikutano, akaomba vyuo vya Weusi viachwe kushindania ubingwa wa inchi nzima. NCAA, umoja mukubwa zaidi, haikufungua mulango. Umoja mwingine, NAIA, ukakubali mu 1953. Mwaka wenye ulifuata, McLendon akawa kocha wa Tennessee A&I, mu muji wa Nashville. Walipoitwa kucheza Kansas City, akaweka sharti: vijana wake watalala mu hoteli ya katikati ya muji na kula mwenye wengine wanakula, ama hawatakuja. Sharti likakubaliwa.

Kansas City, jamani, ni muji wenye alikomalia, ng'ambo tu ya muto. Mu muji ule, mu 1957, mu 1958 na mu 1959, Tennessee A&I ikawa bingwa wa NAIA mara tatu mufululizo. Hakuna kocha wa chuo mwenye alikuwa amefanya vile mbele yake, awe Mweusi ama Muzungu.

Mu 1961 akawa kocha wa kwanza Mweusi mu ligi ya basketi ya kulipwa, na Cleveland Pipers ya ligi ya ABL. Lakini aliacha kazi mbele mwaka haujaisha, juu ya mabishano na mwenye ekipe kuhusu mishahara ya wachezaji. Mu 1966 Cleveland State ikamukamata, na akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mukubwa wa basketi mu universite yenye wanafunzi wengi ni Wazungu. Miaka tatu kisha alifundisha kwa muda mufupi Denver Rockets.

Walimuheshimu kwa kuchelewa. Mu 1979 jina lake likaingia mu jumba la heshima la basketi, lenye linabeba jina la mwalimu wake Naismith, lakini kama mutu mwenye alisaidia muchezo, si kama kocha. Ya ukocha ilikuja mu 2016 tu. Yeye alikuwa amekufa tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka wa 1999, mu jimbo la Ohio, akiwa na miaka 84.

Na sisi hapa?

Kuna uzi mwembamba wenye unatufikia. Mu 1984 John Thompson, kocha wa Georgetown, akawa kocha wa kwanza Mweusi kushinda ubingwa mukubwa wa NCAA. Chuo chake kiko Washington, muji uleule wa finali ya 1946. Miaka michache kisha, kijana murefu kutoka Kinshasa, mwenye alienda kule na wazo la kuwa daktari, akaingia mu ekipe ya Thompson. Alikuwa Dikembe Mutombo. Mu 1989 alishinda pamoja na Georgetown mashindano ya umoja wao, Big East, ku New York. Mutombo alikuta mulango uko wazi. Lakini milango haijifungue yenyewe.

Mashindano ya CIAA yamehama sana: Greensboro, Richmond, Raleigh, Charlotte kutoka 2006, na tangu 2022 Baltimore. Mu 2021 hayakufanywa juu ya Korona. Wanawake pia wana mashindano yao mu wiki ileile. Vyuo vile si vikubwa, na wachezaji wengi hawatafika NBA. Lakini sheria ya McLendon na wenzake watatu haijabadilika: mukutane, mucheze, watu waone, na mwenye anabaki mwisho achukue kikombe. Wale wenye wanapanga mashindano yetu mu mitaa, mu parokia na mu masomo wangeweza kuianza hata kesho. Haiombe pesa nyingi. Inaomba tu kukubali kushindwa mbele ya watu.